Kobe Chini ya Kitanda

Juzi niliona kwenye simu watalii katika kijiji fulani cha pwani wakishangilia kasa wanaorudishwa baharini. Nikamkumbuka kobe wa mtoni ambaye Papa, baba yangu, mvuvi wa kabila la Wagenia, alimtoa kwenye mtego wake wakati wa vita, nikiwa mtoto.

Sufuria ilikuwa tayari motoni, nyumba nzima inanukia mawese, mara mabomu yakaanza kulia ng'ambo ya mto. Tukaingia wote chini ya kitanda, kobe kifuani kwangu. Akaficha kichwa.

"Mama, na yeye iko naogopa sawa sisi," nikanong'ona.

Kulipotulia, Mama alimtazama kobe.

"Bon, basi. Mutu tulijificha naye, nitamupika namna gani?"

Papa akamrudisha mtoni. Tukala pondu tupu, yale majani ya muhogo, tukicheka.

Siku hizi najua kobe huficha kichwa akishikwa tu. Aliyemtisha ni mimi, niliyemkumbatia nisimwachie.