Kigari Nilichokitaka Kigumu

Miaka ile ya sabini mume wangu alikuwa fundi wa magari Kasulu, na mimi mkulima wa maharage. Shule nilisoma madarasa mawili tu, kwa hiyo ya ufundi ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Alinunua kigari kidogo kilichotelekezwa misheni, majani yameota mpaka ndani. Injini akaifufua, bodi akaipaka rangi. Kilichomshinda ni chini. Kigari kile hakikuwa na springi za chuma. Juu ya kila tairi kulikuwa na kibofu cha mpira chenye maji, na bomba limetoka kibofu cha mbele kwenda cha nyuma. Tairi la mbele likiingia shimoni, maji yanakimbilia nyuma, aliyekaa ndani hajui kitu. Lakini vibofu vya upande mmoja vilikuwa vimepasuka, kigari kimelalia ubavu kama mbuzi mgonjwa. Mwenye duka mmoja wa mjini, mtu wa pwani, aliwaagiza ndugu zake Dar es Salaam watafute vingine. Tukangoja miezi.

Wakati huo mama yangu alikuwa Kibondo peke yake, mgongo umemshika, hawezi kulima wala kuchota maji. Mtoto aliyebaki ni mimi. Nilitaka kumleta Kasulu nimuuguze kwa mikono yangu. Basi lilipandwa kwa kusukumana. Mgonjwa wa mgongo hapandi.

Nikamwambia mume wangu avitoe vibofu aweke chochote. Akasema inawezekana, atakata tairi la lori vipande avipachike, lakini kigari kitakuwa kigumu kama kinu, na yeye anataka kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Nikamjibu vibaya.

"Baba watoto, unakitunzia kigari ulaini wake, na mama yangu hana wa kumpa maji. Nani mkweo, kigari au yeye?"

Akaenda kutafuta tairi la lori. Siku ya tatu kigari kilikuwa kimenyanyuka juu, mafundi wenzake wakakicheka kwamba kimevaa viatu vya kuazima. Nami nikacheka. Niliona nimeshinda.

Kwenda Kibondo nilitikiswa mpaka meno. Nikajiambia ni kwa sababu kigari ni kitupu, kikipata mzigo kitatulia. Tulipogeuza, tukamlaza mama kiti cha nyuma, blanketi mbili chini yake, kichwa mapajani mwangu. Barabara ilikuwa kavu, imejaa matuta madogo yaliyopangana kama mbavu, na kila tuta lilimfikia mgongoni. Mume wangu aliuliza mara kwa mara kama mama anaendelea vizuri. Mama anajibu, "Vizuri, baba."

Kwetu mama mkwe halii mbele ya mkwe wake. Nilijua hilo, nimelelewa nalo, na bado nikaliamini neno lake kwa sababu lilinifaa.

Hatujafika daraja la Malagarasi nikahisi mapaja yamelowa. Alikuwa ameuma kanga, machozi yanashuka bila sauti. Nikamwambia mume wangu asimamishe, ashuke, aende mbali kidogo. Alipokwenda ndipo mama akafungua kinywa.

"Mwanangu, nirudishe kwangu. Na si kwa hiki."

Nikamwambia Kasulu kuna hospitali, na mimi nipo, tutakwenda polepole.

"Hiyo polepole ndiyo tuliyokuja nayo," akasema.

Nikamwita mume wangu nikamweleza, naye akaenda nyumba za karibu kuomba wanaume. Wakaja sita, wakafunga machela kwa miti na blanketi zetu, wakamwinua taratibu, wakageukia Kibondo. Mimi nilikuwa nimemwachia jirani mtoto wa kunyonya Kasulu, maziwa yamenijaa yananiuma. Nikasimama katikati ya barabara, sijui nishike njia ipi. Mama akaniona. Akasema, nenda kamnyonyeshe mtoto.

Nikaenda.

Njiani mume wangu hakunilaumu. Angenilaumu ningemjibu, labda ningepata nafuu.

Mama hakumaliza wiki mbili. Habari ilinifikia wameshamzika. Nilipofika, mama mmoja jirani aliyemuuguza akanieleza kwamba hakuwa na maneno mengi siku zile, ila kila akiamka alikuwa anauliza kama mimi nilifika salama, na kama mgongo wangu hauniumi.