Kibuyu cha Kwandu

Wajukuu, mmenisomea kile kitabu cha mafumbo ya dunia. Meli ilikutwa baharini, mabaharia hawamo, na hadi leo hakuna ajuaye walikokwenda. Mkanitazama nishangae. Mimi nimeoa. Sishangai upesi.

Bibi yenu Kwandu alikuja hapa Ipililo kutoka Kimali na kibuyu cha mtama mweupe, mbegu ya mama yake. Kila mavuno alichagua masuke mazuri, akayapukuchua, akachanganya mbegu na majivu, akaziba kibuyu kwa mavi ya ng'ombe, akakificha. Alisema mbegu haikai nyumba moja na mwenye njaa. Mwenye njaa ni mimi. Miaka ya ukame nilitafuta kihengeni, darini, chini ya kitanda. Wapi! Mvua ikianza, kibuyu hicho mlangoni.

Alikuwa na maneno machache na ugomvi mmoja. Mbuzi wa jirani yetu Monika walikula matembele yake. Basi, hawakusalimiana tena. Kanisani mmoja benchi la mbele, mwingine la nyuma.

Mwaka huu alikufa baada ya mavuno, kibuyu kimeshafichwa. Msibani Monika alilia kutushinda sisi wafiwa. Watu wakasema, mnafiki huyo.

Mvua ikaanza. Nikafungua mlango. Hakuna kibuyu.

Dukani mbegu zipo, ila si ile. Nikikosa msimu huu, wadudu wataimaliza huko iliko, na Kwandu atakuwa ameondoka na kila kitu.

Baba yenu Bujiku akaja kutoka Bariadi. Tukachimba nyuma ya jiko. Tukachimba zizi, ng'ombe wanatutazama.

"Mwangaluka, shemeji!" Monika akaita kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. "Mmeona dhahabu?"

"Mwangaluka. Tunatafuta kibuyu cha marehemu."

"Si ungeuliza."

"Nikuulize wewe?"

"Ndivyo alivyosema Kwandu. Mzee atauliza hata ng'ombe, Monika hatamuuliza."

Akaingia kwake, akatoka na kibuyu. Mavi yamekauka vizuri, alama za vidole vya Kwandu ziko palepale. Nikakipokea.

Bujiku ndiye aliyeuliza. "Kumbe mlikuwa mmepatana, mama?"

"Nani? Matembele yale hakunisamehe mpaka kaburini. Ugomvi ni ugomvi, mwanangu. Mbegu ni mbegu."

Bujiku alikuwa ndani ya shimo, limemfika kifuani. "Baba," akasema, "sasa nifukie?"

Mtama umeota. Ukivunwa, kibuyu kitarudi kwa Monika. Mbele za watu nimeshaacha kumsalimu, ili pale paendelee kuwa mahali salama. Yeye naye ananinunia vizuri sana, ana mazoezi.

Ila watu wawili wasiosalimiana walipeanaje kibuyu miaka yote hiyo, nami niko hapa hapa? Hilo sijui. Nimemuuliza Monika, kacheka tu. Wa kuniambia angekuwa Kwandu. Naye asingeniambia.