Madam Aliyesoma Ripoti za Siri kwa Sauti

Kifo cha Madam nilikisikia redioni Jumanne mchana, katika matangazo ya vifo, nikiwa karakana napiga randa ubao wa kitanda. Mtangazaji alitaja watoto, wakwe na kanisa, kisha akasema marehemu aliwahi kuwa kaimu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Kibera. Nikaweka randa chini. Neno hilo kaimu wangeweza kuliacha, kwa maana redioni wafu wengi hupandishwa cheo. Karani wa kawaida anakuwa meneja mara tu anapokata roho. Lakini watu wa nyumba ile husema kitu kilivyo, na yeye ndiye aliyewazoesha. Kwa nini ukaimu ule haukuondoka kamwe ni jambo ninalolijua kuliko mtangazaji yeyote, na leo nitalisema ingawa halinipi sifa.

Wasomaji wangu wa kila wiki wanajua niliishia darasa la tatu. Kwa wageni, nilifika Kibera na msumeno wa kuazima, nikatengeneza vitanda pale Soweto West, kijiji kimoja cha Kibera, hadi nikapata ploti Kawangware, na leo nina wapangaji wenye digrii ambao hubisha hodi kwangu kwa adabu. Watoto wangu walisoma katika shule hiyo ya Madam, iliyo karibu na mtaa wa Ayany, na wazazi walipotafuta mwenyekiti wa kamati walinichagua mimi kwa sababu madawati niliyowatengenezea hayakuyumba. Ndivyo mtu aliyeshindwa na hesabu za kugawanya alivyokuja kuwasimamia wanaozifundisha. Nilikalia kiti kikubwa, nikanywa chai ya kamati, nikafunga mikutano kwa maombi marefu. Sikuona ajabu yoyote. Nchi hii imejaa watu wanaosimamia wasichokijua, na mimi angalau nilikiri sijui, hasa nilipotaka mkutano uishe mapema.

Nilichojifunza upesi ni habari ya ripoti ya siri. Kila mwisho wa mwaka mwalimu mkuu hujaza fomu kwa kila mwalimu aliye chini yake: utiifu, mavazi, ushirikiano, na mwisho kabisa, kama nafasi imebaki, kufundisha. Fomu inafungwa kwa gundi na kupelekwa ofisi ya elimu. Mwalimu mwenyewe haioni. Anapandishwa cheo au anapitwa bila kujua sababu, kama ng'ombe sokoni asiyejua mnunuzi hakupenda pembe au mkia. Na kwa kuwa hajui, anambembeleza kila mtu. Chini ya mwalimu mkuu wa kwanza niliyemkuta, walimu walimbebea mkoba, wakavicheka vichekesho vyake vya tangu ukoloni, na waliotoka likizo magharibi mwa nchi walimletea viazi vitamu na kuku hadi ofisi yake ikanuka kama soko. Nadhani alistaafu akiwa ndiye mtu aliyechekewa zaidi katika Kibera nzima.

Alipoondoka, Madam akashikilia ofisi kama kaimu. Mwisho wa mwaka wake wa kwanza aliwaita walimu mmoja mmoja, akafunga mlango, akawasomea ripoti zao neno kwa neno kabla ya kuzitia gundi. Kisha akauliza kama kuna uongo ndani. Walimu walitoka jasho. Mmoja wao, bwana mmoja mnene wa hesabu, alikuwa haonekani Jumatatu asubuhi kwa sababu ambazo sisi wa Soweto West tulizijua vizuri, maana tulikuwa naye Jumapili. Madam akamsomea: Jumatatu hufika saa nne. Jamaa akapinga, akasema hufika saa tatu na nusu. Madam akafikiri, akakata saa nne kwa rula, akaandika saa tatu na nusu, akamwuliza kama sasa ni kweli. Jamaa mwenyewe alitusimulia mambo hayo huku amekasirika na kucheka kwa pamoja. Muhula uliofuata alikuwa anafika saa mbili kasoro. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekurudishia dakika thelathini zako.

Sasa nifike pale nilipoingia mimi. Mwana wa dada yangu alikuwa akifundisha darasa la tano katika shule hiyo hiyo, na alitaka cheo. Daftari lake la maandalio ya somo lilikuwa kama kadi ya harusi: kalamu za rangi tatu, mistari ya rula, vichwa vimepigiwa mstari mara mbili. Mkaguzi mmoja aliwahi kuliinua juu mbele ya walimu wote na kuwaambia waige. Kwa hivyo kijana aliponijia uso umekunjamana, akisema Madam amemwandika dhaifu, nilivaa koti nikaenda ofisini kama mwenyekiti, nikiwa na hakika kwamba jambo hilo litaisha kabla chai haijapoa.

"Madam," nikamwambia, "huyu kijana wetu umemwandika vipi?"

"Nimemsomea mwenyewe. Muulize."

"Anasema dhaifu."

"Basi hajakudanganya, mzee."

Nikamkumbusha habari za mkaguzi na daftari lililoinuliwa. Hakubishana. Alisema mkaguzi alisoma daftari, na kwamba mimi nina bahati kuliko mkaguzi kwa sababu sisomi haraka. "Nenda ukakae darasani," akasema. Mtu mwingine angenitukana hivyo ningempiga kiti. Lakini aliyasema kama mtu anayekuonyesha choo kiko upande gani, na kiburi changu kikanijibia kwamba nitakaa.

Asubuhi iliyofuata nilikaa dawati la nyuma, dawati langu mwenyewe la kutengeneza, magoti yakigusa masikio, pembeni ya msichana wa miaka kumi na moja hivi. Kijana wetu aliingia, akasalimu, na kwa heshima yangu akatoa chaki za rangi. Akajaza ubao kutoka juu hadi chini, akawaambia waandike, akaenda dirishani kufungua gazeti. Baada ya muda akafuta, akajaza tena. Nikamnong'oneza yule msichana hii yote inahusu nini. Akasema hajui, wanaandika tu, na ukimuuliza mwalimu anakwambia soma ubao. Halafu akanitazama kichwani, kwenye mvi, akaniuliza kwa huruma, "Na wewe mzee, umerudia darasa?"

Nilipotoka, Madam alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Aliniuliza mimi ningemwandikaje. Nikamwambia magoti yananiuma, nikaenda zangu. Nilijua jibu. Naomba hilo lieleweke, kwa maana linalofuata lingesameheka kwa mtu asiyejua.

Muhula uliofuata ilikuwa zamu ya Madam mwenyewe kupimwa. Alikuwa mwaka wa tatu akikaimu, na mkaguzi alikuja kuamua kama athibitishwe kuwa mwalimu mkuu kamili au aletwe mwingine. Desturi ni kwamba mwenyekiti wa kamati huitwa peke yake, mlango ukifungwa, atoe neno. Wiki hiyo hiyo dada yangu alikuwa amefika kutoka nyumbani, akakaa sebuleni kwangu siku nne akiniuliza ni mwenyekiti gani anayeshindwa na mwanamke wa chaki. Basi mkaguzi, bwana mpole mwenye viatu vilivyokuwa vimeng'ara kabla ya kukutana na tope la Kibera, akaniuliza ushirikiano wake na kamati ukoje. Nikasema, "Ni mchapa kazi, lakini ana kiburi. Hasikii wazee."

Sikusema lingine. Na si uongo, hapo ndipo ubaya wake ulipo, kweli hakunisikia. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema, akakunja karatasi, na hakuna aliyemsomea Madam chochote. Baada ya Krismasi akaletwa mwalimu mkuu mpya. Madam akarudi darasani, na muda si mrefu akahamishiwa shule moja Kawangware kufundisha darasa la pili. Hakuambiwa sababu. Yule mpya alikuwa mtu mzuri sana kwa kamati, chai yake ilikuja na maandazi, na alimwandika kila mwalimu vizuri sana, pamoja na mmoja aliyekuwa amehama mwaka mzima. Bwana wa hesabu akarudia Jumatatu zake. Mwana wa dada yangu akapata cheo. Siku hizi ni naibu mwalimu mkuu mahali fulani, na naambiwa ripoti anazoandika juu ya wenzake zina rangi tatu.

Tangu hapo nimewaza sana kuhusu huku kupimana kwetu. Mimi ni fundi. Mteja akirudi akanifokea kwamba kitanda kinalia, nakaza skrubu na kitanda kinanyamaza. Yule anayenyamaza kwangu akaenda kuwaambia majirani, ananiharibia jina na bado analala kwenye kitanda kinacholia. Wazee walisema nyani haoni kundule, nasi tukajenga ofisi nzima ya kuliandika kundu la nyani na kumficha karatasi. Si walimu peke yao. Wapangaji wangu wananipima kwenye foleni ya maji, waumini wanampima mchungaji wakishavuka lango, na chifu anapimwa na kila mtu isipokuwa uso kwa uso. Kisha tunashangaa mbona hakuna anayebadilika.

Nilimwona Madam tena baada ya miaka miwili, akipita mbele ya ploti yangu Kawangware na kiondo cha madaftari ya watoto. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya magoti. Sijui kilichoniingia, nikamweleza yote pale barabarani, neno langu kwa mkaguzi kama nilivyolisema, na dada yangu, na ya kuwa nilijua. Alisikiliza hadi mwisho bila kuweka kiondo chini.

"Ungesema siku ile nikiwa pale, ningejibu," akasema. "Sasa nimjibu nani, wewe?"

Nikasema pole. Akasema pole ni yangu, niende nayo, lakini kama nimemaliza kujuta niende ofisi ya elimu nikawaambie nilichokiona darasani, kwa sababu faili lake bado liko wazi na ana miaka michache kabla ya kustaafu. Nikamwahidi Jumatatu.

Jumatatu mvua ikanyesha. Wiki iliyofuata paa la nyumba za nyuma likavuja. Halafu kukawa na hili na lile, na ukweli wenyewe ni kwamba nilijua nikifika pale watanipa karatasi niandike. Nyumbani naandika safu hii polepole, na mke wangu hunisahihishia kabla haijafika gazetini. Kule kaunta hakuna mke. Sikutaka karani mwenye umri wa mwanangu anitazame nikitafuta herufi moja moja, mimi mzee wa ploti. Basi sikuenda. Kila nilipomwona kwa mbali na kiondo chake nilipitia nyuma ya kibanda.

Alhamisi tulikutana ukumbi wa kanisa, Kawangware, kupanga safari ya kumpeleka kwao magharibi. Sifa zilimwagika. Bwana kutoka ofisi ya elimu, ofisi ile ile, alisoma karatasi nzima kwamba marehemu alikuwa kiongozi wa mfano, nikajiuliza karatasi hiyo ilikuwa imekaa wapi. Bwana wa hesabu alijaribu kusimulia zile dakika thelathini, akashindwa kumaliza. Nilipopewa nafasi nikasimama nikasema nilichosema kwa mkaguzi, na nilichoona darasani, na ahadi ya Jumatatu. Mchungaji akaanzisha wimbo kabla sijaketi.

Nje, binti yake mkubwa akanifuata. Nilijiandaa kupigwa. Akaniuliza kama mimi ndiye yule mzee. Mama yao hakuwahi kuwatajia jina, akasema, aliwaambia tu kuna mzee ataenda ofisini kumsemea, na kila likizo walimuuliza kama ameenda.

"Akawajibu nini?"

"Alisema bado, mzee ana shughuli nyingi."

Sikuwa na shughuli. Hiyo ndiyo ripoti pekee isiyo ya kweli ambayo nimewahi kusikia kwamba Madam aliitoa, na aliitoa juu yangu. Mimi si mtu wa kuwahubiria wasomaji, lakini kama una neno juu ya mtu, jema au baya, mwambie angali anaweza kukubishia. Na kama ulilipeleka ofisini kwa siri, kisha ukajua ulikosea, rudi ofisini wiki hiyo hiyo ulisahihishe, karani acheke akitaka. Barua ya mistari minne yenye mwandiko mbaya ingemtosha.