Maziwa Yangu Yametoa Ushahidi wa Uongo

Kuasili, kwa maana ya kisheria, ni kumchukua mtoto aliyezaliwa na mtu mwingine na kuwa mzazi wake kamili kwa amri ya mahakama. Si kumlea kwa muda, wala si kumsaidia yatima. Naanza na maana hii kwa sababu amri hiyo bado haijatolewa, na mpaka itolewe, mtoto ninayemnyonyesha anaweza kuondolewa mikononi mwangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu wa sekondari wilayani Karagwe. Nimeolewa kwa miaka kumi na miwili, na mimba zangu tatu zote ziliharibika. Naomba mnifichie jina.

Mwaka jana mimi na mume wangu tuliomba kuasili. Tulipoambiwa kwamba yupo mtoto mchanga wa kike ambaye mama yake alifariki wakati wa kujifungua, nilimwendea muuguzi mmoja ninayemwamini. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote: titi la mwanamke asiyejifungua linaweza kuamshwa litoe maziwa, mradi likamuliwe mara nyingi na kwa utaratibu. Nikanunua pampu ya mkono. Nilikamua kila baada ya saa tatu, nyumbani kabla ya vipindi na shuleni katika stoo ya maabara nikiwa nimefunga mlango kwa komeo. Wiki tatu za kwanza sikupata chochote isipokuwa chuchu zilizochubuka. Wiki ya nne yalitoka matone mawili. Niliyatazama kwa muda mrefu, kisha nikayaandika daftarini. Kufikia siku tuliyokabidhiwa mtoto kwa kipindi cha majaribio, maziwa yangu yalitosha karibu nusu ya mahitaji yake. Nusu nyingine ilikuwa maziwa ya kopo.

Kosa langu ni hili: sikumwambia mama mkwe. Yeye anaishi wilaya jirani ya Kyerwa, upande wa Isingiro, na tulikuwa hatujaonana kwa miezi mingi. Tulikubaliana na mume wangu kwamba hati zitangulie, maelezo yafuate. Nilikuwa na sababu. Niliwahi kumsikia akisema juu ya mtoto aliyechukuliwa na jirani yake, "Mtoto wa nje hulishwa, lakini hazikwi kibanjani." Kwa wasiotoka kwetu, kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, na humo ndimo ukoo unamozika watu wake.

Siku moja mchana alikuja bila taarifa, akanikuta uani nikinyonyesha. Nilimwamkia shikamoo. Aliinama akatazama maziwa yaliyokuwa yakichuruzika kwenye kidevu cha mtoto, kisha akaketi chini na kulia.

"Kumbe mlinificha! Mlificha mimba isionwe na watu!"

Hitimisho lake halikuwa la kijinga. Kwetu, mwanamke aliyepoteza mimba huificha inayofuata, wakati mwingine hata kwa wakwe.

"Mama, kuna jambo naomba nikueleze," nilisema.

"Nyamaza, mwanangu. Mzazi hachoshwi kwa maneno. Nyonyesha."

Nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi ni sekunde ngapi nilizokuwa nazo za kusema, na jibu ni kwamba zilitosha.

Jumapili iliyofuata wanawake wa ukoo walifika kumwona mzazi. Walileta ndizi, kuni na obushera, uji wetu wa mtama. Shangazi wa mume wangu akanishika kiuno. "Waitu, mwalimu wetu, na sketi zako hizo za kubana, tumbo ulikuwa ukilifungia kabatini na chaki?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji.

Mke wa shemeji yangu hakucheka. "Mimi naona mtoto ni mkubwa kuliko siku zake," alisema.

Mama mkwe akageuka. "Wewe! Mwanangu, hebu mwonyeshe."

Nikakamua mbele yao. Maziwa yakaruka. Mke wa shemeji akaomba radhi, na siku hiyohiyo mama mkwe akasimama mbele ya wazee wa ukoo kututetea, nao wakampa mtoto jina la marehemu mama yake baba mkwe, jina ambalo hapewi asiye wa damu.

Sasa afisa ustawi wa jamii atakuja baada ya wiki tatu. Utaratibu unamtaka azungumze na ndugu, ajue kama wanaifahamu asili ya mtoto na wamemkubali. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, atamwambia kwamba nilijifungua. Afisa ataandika kuwa nimeudanganya ukoo kuhusu mtoto wa watu, na sitakuwa na hoja ya kumpinga. Nikisema ukweli kabla hajafika, namwaibisha mama aliyesimama mbele ya wazee kwa ajili yangu, na huenda afisa akakuta ukoo umemkataa mtoto. Njia zote mbili zinaweza kufika mahali pamoja.

Mume wangu anasema, "Ni mama yangu, nitamwambia mwenyewe." Amesema hivyo Jumamosi nne mfululizo. Kila Jumamosi anakwenda Isingiro na kurudi na mkungu wa ndizi.

Wakati huohuo maziwa yanapungua. Nimeongeza mizunguko ya kukamua, na bado chupa iliyokuwa ikijaa robo sasa hulowa chini tu. Muuguzi anasema hofu hukausha titi. Sijui namna ya kuacha kuogopa kwa ratiba.

Nishaurini ndugu zangu, hasa mliowahi kuasili: nimweleze nani kwanza, na kwa maneno gani? Na mwenye busara kunizidi anisaidie kwa hili ninaloshindwa kulitatua: bibi huyu anampenda mtoto kweli, nimeliona kwa macho yangu, lakini anampenda kwa sababu ya damu ambayo haipo. Nikiiondoa sababu hiyo, je, upendo wenyewe utabaki?