Programu ya Bahari na Upondo wa Mzee Wandera

Naikumbuka asubuhi ile ya miaka ya sabini, mwanangu, na hadi leo nikiitaja mwili unanisisimka. Nilikuwa kijana wa ofisi ya ujenzi pale Busia, nimetoka Nairobi juzi, nimejaa maringo. Tulitumwa kujenga gati la mbao ufukweni mwa ziwa, na mimi ndiye niliyepaswa kusema mawimbi yatapanda hadi wapi.

Kompyuta ilikuwa Nairobi, imejaza chumba kizima, ikilishwa kadi zenye matundu. Programu zilikuwa mbili. Moja ilitengenezewa bahari kuu, haikuuliza kina cha maji, sifa zake kote. Nyingine ilikuwa ya maji ya kina kifupi, lakini hiyo ilitaka upime kina hatua kwa hatua, tope hadi kiunoni. Mimi na suruali yangu mpya? Nikachagua ya bahari.

Majibu yakarudi: wimbi halitazidi goti. Mzee Wandera, mvuvi wa hapo, akauliza, "Boss, hiyo mashine inajua kuna fungu la mchanga chini ya maji hapo mbele?"

Nikamcheka. Lo, nilimcheka!

Gati halijamaliza wiki, asubuhi ile upepo ukavuma kutoka ziwani. Mama Nabwire alikuwa juu yake na karai la omena, wale dagaa wa ziwani, mtoto mgongoni. Wimbi lilipogusa lile fungu likainuka ghafla, likang'oa mbao chini ya miguu yake. Mimi nimeganda tu. Wandera akamnyooshea upondo, ule mti wake wa kusukumia mtumbwi. Nabwire akaushika kwa mkono mmoja, wa pili umemshikilia mtoto. Tukawavuta wote wawili, mtoto akilia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Wandera akanitupia upondo ule, umejaa alama za kina alizochonga mwenyewe. "Shika. Ingia kwa maji."

Niliingia siku tisa, nikapima kina hatua kwa hatua, vipimo nikavituma Nairobi. Programu ile ya kina kifupi ikasema wimbi litafika kifuani, tukalijenga upya gati, juu zaidi. Upepo uliporudi, nilisimama juu ya gati mimi kwanza, ndipo Nabwire akapita.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo kidogo, mwanangu: guu langu lilibaki zima, karibu livunjike la mwenzangu. Leo kompyuta unaibeba kwa mkoba na programu ni tele. Usiulize ipi ina jina. Uliza ilitengenezewa maji gani, kisha ukapime kina cha maji yako mwenyewe. Mungu akubariki, akupe miguu isiyoogopa tope, na kila gati utakalojenga akupe moyo wa kulikanyaga wa kwanza.