Kiuno cha Suruali

Fundi cherehani wa mtaani kwetu huzungumza pini zikiwa zimejaa mdomoni, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja. Humtania kila anayeingia: "Shangazi, kitambaa hiki kinatosha mkono mmoja tu, huo mwingine utauficha!" Vidole vyake vina weupe wa chaki hata akitoka kuoga. Mke wa mwalimu alimzoea kwa sababu ya suruali. Mumewe alichukuliwa na watu wa serikali, akafungiwa bila kutajiwa kosa wala kusomewa kesi, na huko ndani mikanda hairuhusiwi. Mke alipopewa ruhusa ya kumwona, alimkuta amekonda kama ng'onda, anatembea huku ameshikilia suruali. Tangu hapo, kila nguo zikitolewa kwenda kufuliwa, huzipitisha kwa fundi zipunguzwe kiuno.

Safari hii alifika amechoka. "Kata tu hicho kinachozidi, dada. Mikunjo imekuwa minene, itamchubua. Nimewauliza watamwachia lini, wananiambia mpaka wakubwa waridhike."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Hakutania. "Wataridhika lini, hata wao hawajui. Mimi sikati, mdogo wangu. Akitoka akanenepa, atavaa nini?"

Mke alijifunika uso kwa viganja. Fundi akakunja kitambaa upya, akakilaza vizuri kisimchubue mtu, kisha akakishona kwa mishono mirefu, ile anayoitumia kwenye sare za watoto wanaokua.