Saluti, Kisha Makofi

Mke wangu alinipa jina mara tu tulipooana, na mtaa wetu wote pale Ujiji ulilijua: Baharia wa Mchana. Maana yake ni kwamba mimi ni mwanamaji wa jeshi, nina buti, nina kofia, nina cheo cha koplo, lakini saa ya chakula ikifika niko mlangoni nauliza kama ugali wa muhogo umeiva.

"Wenzangu waume zao wakienda majini wanakaa mwezi mzima roho juu," alikuwa akisema huku akiniongezea kipande cha samaki wa mgebuka kilichoungwa kwa mawese. "Wa kwangu nikichelewa kutenga anakuja kunisaidia kupuliza moto."

Kwao ni watu waliovuka ziwa tangu enzi za mababu, wakitoka Kongo na ngoma zao na biashara zao, na yeye anaamini kusafiri kumo damuni mwake ingawa mwenyewe hajafika hata Tabora. Mimi kwetu Simbo. Tunalima. Mtu wa Simbo akifika Kidahwe, hapo jirani tu, na kulala huko, akirudi anasimulia wiki nzima.

Jeshini niliingia baada ya kidato cha nne, nafasi ya kuendelea na masomo ilipokosekana, na nikachagua majini kwa hesabu ya kijanja: nilidhani mtoto wa ziwani watampeleka kwenye maji anayoyajua. Hesabu ilikubali. Baada ya mafunzo ya pwani, ambako nilikonda mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya, nilirudishwa Kigoma. Bahari niliiona na sikuipenda. Haina upande wa pili. Ziwa letu, siku hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Kongo imekaa ng'ambo kama ukuta wa ua, na mtu mwenye ua hulala vizuri. Fundi wa mitambo wa boti yetu, mtu wa Tanga, alikuwa hakomi kunicheka. "Hili si ziwa, koplo. Ni beseni refu. Na wewe ni dagaa uliyezaliwa mle mle besenini."

Basi ningezeekea besenini kwa raha zangu, kama si miaka ile ya wakimbizi.

Watu walikuja kwa maji, kwanza kutoka Burundi, baadaye kutoka Kongo, na kazi yetu ikawa kuwapokea ziwani na kuwafikisha ufukweni wakiwa hai. Asubuhi moja, karibu na Kibirizi, tuliikuta boti ya mbao imejaa kupita kiasi. Walipoiona nchi kavu imekaribia, wote walisimama na kuegemea upande mmoja, na ile boti ikaanza kulala. Kamanda wetu akashika kipaza sauti: "Kaeni chini! Kaeni chini!" Watu wakazidi kusukumana. Unawalaumu? Walikuwa wamewakimbia wanaume wenye sare wanaopiga kelele, na sasa mbele yao kuna wanaume wenye sare, wanapiga kelele, tena kwa kipaza sauti.

Siwezi kusema nilifikiri. Nilimwona mzee mmoja amesimama mbele kabisa, koti limemlowa, ananitazama. Nami mzee akinitazama hivyo asubuhi, mikono yangu inajua la kufanya. Nilivua kofia, nikapinda magoti, nikapiga makofi yale ya polepole ya kwetu Buha, viganja vimekunjwa kidogo, nikasema, "Mwakeye," salamu ya asubuhi ambayo Waha na Warundi huelewana. Yule mzee, tabu zote zile, akachuchumaa akaitikia, naye akipiga makofi. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakachuchumaa, maana utasimamaje mzee wako akiwa chini anaamkiana na mtu? Waliofuata nao wakashuka. Boti ikakaa sawa. Tukaifunga kamba, tukaivuta.

Jioni kamanda aliniita.

"Koplo, yale makofi umeyasomea wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Basi nenda ukaombe uofisa. Wanatafuta watu kutoka vyeo vya chini, na bodi ya usaili itakuja hapa hapa. Mimi nitakupendekeza. Ila mwaka huu ndio wa mwisho kwako, mwakani umri utakuwa umekupita."

"Kozi iko wapi, afande?"

"Pwani. Zaidi ya mwaka. Na ukimaliza unapelekwa popote penye maji."

Popote penye maji! Nilirudi nyumbani. Mke wangu akashangaa kuniona nimekaa mbele ya sahani sili.

Tatizo halikuwa sahani peke yake. Tulikuwa tunaishi na Bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea Simbo na ambaye tulimchukua Ujiji baada ya macho yake kuziba. Aliniita "mume wangu", na mke wangu akamwita "mke mwenzangu", na wawili hao walinigombea mchana kutwa kwa matusi matamu ambayo siwezi kuyaandika. Bibi alikuwa mzee sana. Nilijua, na kila mtu nyumbani alijua bila kusema, kwamba mwaka na zaidi ni muda mrefu kwa mtu wa umri ule. Nikienda, huenda nisimkute. Nisipoenda, nitakufa koplo.

"Na Bibi je?" nikamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini, nilipokwisha kumweleza habari ya uofisa.

Masikio ya Bibi hayakuwa yameziba. "Bibi ana mke mwenziwe," akajibu kutoka mkekani. "Hiyo nyota ya uofisa inakaa wapi?"

"Begani, Bibi."

"Inashikika?"

"Inashikika."

"Basi mimi sifi. Nangoja kuishika. Nenda ukailete, mume wangu, usinicheleweshe."

Kwa hiyo nikaomba. Na kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, tukawa na bodi yetu ya nyumbani. Bibi alikuwa mwenyekiti, amekaa kwenye kigoda. Mke wangu alikuwa ofisa mkali, ameshika mwiko. Mimi naingia kutoka uani, napiga buti, napiga saluti, nasimama wima kama mlingoti.

Asubuhi ya kwanza kabisa Bibi alikunja uso. "Nani huyo ameingia anakanyaga kama punda wala hasalimii?"

"Nimepiga saluti, Bibi."

"Sijaiona."

"Bibi, utaionaje na macho—"

"Kumbe salamu ya wenye macho! Mimi nisalimie nisikie."

Ofisa mkali akaniashiria kwa mwiko nitii. Nikapinda magoti, nikapiga makofi, nikasema "Mwakeye." Ndipo mwenyekiti akaridhika na usaili ukaendelea: kwa nini unataka uofisa, askari akikaidi amri utafanyaje, mbona jana hukuleta kuni. Ikawa ndiyo kawaida yetu. Saluti, kisha makofi. Wiki kadhaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwili nao ni mwanafunzi, na wangu ulikuwa unafaulu vizuri kuliko kichwa.

Siku ya bodi ilifika. Wakubwa watatu walikuwa wameshuka kwenye treni jana yake, na treni yetu haimshushi mtu akiwa mzima. Fundi wa Tanga alinipigia buti zangu rangi kwa huruma. "Nenda, dagaa," akasema. "Ukifeli tutakukaanga."

Nikaingia. Nikapiga buti, sakafu ikaitika. Nikapiga saluti, na naapa ilikuwa saluti safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini mwenyekiti, kanali mwenye mvi, muda huo alikuwa amevua miwani na kujikanda macho kwa viganja, uchovu wa safari. Hakuiona. Akasema, macho yamefumbwa, "Nani huyo ameingia?"

Nilisikia mikono yangu ikishuka. Niliiambia isishuke. Magoti yakapinda. Mbele ya maofisa watatu, bendera, na bilauri za maji, nikapiga makofi yale ya polepole na kusema kwa heshima zote: "Mwakeye."

"Koplo!" Meja aliyekaa kulia alikuwa ameinuka nusu. "Umeitwa hapa kucheza ngoma?"

"Hapana, afande!"

Kanali akavaa miwani akanitazama toka buti hadi kofia. "Mwache, meja. Hiyo ni nini, koplo?"

"Salamu, afande. Ya nyumbani."

"Nani kakufundisha kuisalimia bodi hivyo?"

"Bibi yangu, afande. Yeye saluti haioni."

"Bibi yako ni ofisa?"

"Hapana, afande. Ni mwenyekiti wa bodi."

Ofisa wa tatu alianza kukohoa akijificha nyuma ya kitambaa. Meja hakucheka. Alipekua karatasi zake. "Kamanda wako ameandika habari za makofi na boti ya wakimbizi. Nilidhani ametia chumvi." Akaziweka chini, na swali lililofuata lilinipata penyewe. "Tangu urudi Kigoma hujaomba uhamisho hata mara moja. Likizo zako zote umezimalizia Ujiji na Simbo. Ofisa hupelekwa popote. Wewe uko tayari kwenda popote?"

Jibu nililijua. Mke wangu alikuwa amenikaririsha, mwiko mkononi: niko tayari, afande, wakati wowote, mahali popote. Lakini nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha, na mtu aliyekwisha kuaibika hana tena nguvu za kudanganya.

"Siko tayari, afande. Lakini nitakwenda."

"Hilo ni jibu gani?"

"La kweli, afande."

Kanali akaandika kitu. "Waliotangulia wote wako tayari," akasema bila kuinua kichwa. "Mmoja yuko tayari hata kwenda mwezini. Toka, koplo. Na ukitoka, saluti inatosha."

Nyumbani nilisimulia. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta, akaenda kusimulia kwa jirani, akarudi kuniuliza sehemu aliyoisahau. Bibi hakucheka.

"Walikuitikia?"

"Nani, Bibi?"

"Hao wakubwa. Ulipowasalimia."

"Hapana."

"Hawakulelewa," akasema. "Lakini watakuchukua. Mtu asipoitikia salamu, roho humsuta."

Sikuamini. Nilikuwa nimeshaanza kujifariji kwa migebuka. Wiki zikapita, na siku moja nikiwa gatini napaka boti rangi, kamanda akapita, akasimama, akasema neno moja: "Fungasha." Brashi ikaangukia majini. Sikujua nicheke au niifuate.

Niliondoka kwa treni, fundi wa Tanga akitangazia stesheni nzima kwamba hajawahi kuona baharia anayekwenda baharini kwa reli. Bibi alibaki nyumbani. Aliniaga kwa saluti, ya mkono wa kushoto, kiganja kimeelekea mlango wa jikoni. Ya pwani sitayasimulia. Nilikonda tena, mkanda ukapata tundu jingine jipya, na kila barua ya nyumbani niliifungua nikianza na mstari wa mwisho, nione kama salamu za mke mwenza bado zimo.

Zilikuwemo mpaka barua ya mwisho kabisa.

Siku niliyorudi niliingia uani, nikapiga buti kwa nguvu, nikapiga saluti. Bibi alikuwa kwenye kigoda kile kile, mdogo kuliko nilivyomwacha, shuka limemzidi.

"Nani huyo anakanyaga kama punda wala hasalimii?"

Nikapinda magoti katika suruali mpya ya uofisa, nikapiga makofi. Aliitikia, kisha akanyoosha mkono. Nikamsogezea bega. Vidole vyake vikatambaa juu ya kitambaa, vikaipata nyota, vikaizunguka ncha kwa ncha, vikaendelea kutafuta.

"Zingine ziko wapi?"

"Ni moja, Bibi. Ndipo wanapoanzia."

"Moja?" Alikamata bega lingine, akapapasa, akakuta ya huko nayo iko peke yake. "Makofi yote yale, moja moja?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, anapangusa macho kwa ncha ya kanga na kusingizia moshi.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwita, na nyota hakuiachia, "mpe mume wetu chakula, amebaki mifupa. Akishiba arudi akailete ya pili."